Je, Kukaa Kimya ni Kumkana Bwana?

Zamani safari ya misheni ilikuwa ya upande mmoja. Wao walikuja kutoka Ulaya, sisi tukapokea. Siku hizi njia ina pande mbili. Mpango wa serikali ya Ujerumani uitwao weltwärts ulianza mwaka 2008 kwa kuwaleta vijana wa Kijerumani kujitolea katika nchi kama yetu, na tangu mwaka 2013 umefungua mlango ili vijana wa huku nao waende kule. Makanisa nayo yameingia katika kazi hiyo. Misheni ya Leipzig, ambayo wamisionari wake walifika Kilimanjaro mwaka 1893, sasa imekuwa ikiwapokea vijana kutoka Tanzania.

Kijana anayekwenda hivyo hupewa kazi katika shule ya watoto wadogo, au katika nyumba ya kulelea wazee, au mahali wanapotunzwa watu wenye ulemavu. Atalisha, ataosha, atatandika vitanda, atasukuma viti vya magurudumu. Kuhubiri hakumo katika kazi aliyopangiwa.

Basi hapo ndipo lilipo swali letu. Tuseme kijana wa Kwedizinga, aliyebatizwa na kupata kipaimara, aliyeombewa na mtaa mzima siku ya kuondoka, amekaa mwaka mzima akimwogesha bibi mmoja mzee, naye hakumtaja Yesu mbele yake hata mara moja. Je, amemkana Bwana wake? Na kama alimtaja kila asubuhi huku bibi yule, asiyeweza kuondoka kitandani, hana budi kusikiliza, je, amempenda au amemwinda?

Yafaa kwanza tuielewe nchi yenyewe. Sisi watu wa Handeni na Korogwe hatushangazwi na jirani asiye Mkristo. Tumezaliwa na Waislamu, tumecheza nao, tunazikana. Sikukuu ya Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu. Lakini jirani yetu Mwislamu anajua kusali ni nini. Tukisema “Mungu akipenda”, anaitikia. Tunabishana juu ya njia, lakini hatubishani kama kuna safari.

Kule si hivyo. Katika hesabu ya watu ya Uingereza na Wales ya mwaka 2021, waliosema ni Wakristo walikuwa asilimia 46.2 tu, na wasio na dini yoyote asilimia 37.2. Huko Ujerumani, mwaka 2022 iliripotiwa kwamba Wakatoliki na Waprotestanti wa makanisa makubwa, hata wakijumlishwa pamoja, hawafikii tena nusu ya watu wote. Na katika upande wa mashariki, Leipzig ilipo, jambo hili limezidi. Kwa miaka 40, tangu 1949, watu walitawaliwa na serikali iliyotaka dini ififie. Kuanzia miaka ya 1950 iliwawekea vijana sherehe yake ya kuingia utu uzima, ishike mahali pa kipaimara. Babu akaacha kanisa, baba hakulijua, mjukuu hana cha kuacha. Watu hawa hawakumfukuza Mungu nyumbani mwao. Wengi wamezaliwa katika nyumba ambamo jina lake halikutajwa.

Lakini tusiharakishe kusema kwamba Mungu hayuko huko. Katika mji huohuo wa Leipzig, Kanisa la Mtakatifu Nikolai lilianza mwaka 1982 kufanya sala za amani kila Jumatatu. Tarehe 9 Oktoba 1989 watu wapatao 70,000 walitembea barabarani baada ya sala, wengi wao si watu wa kanisa kabisa, wala hawakurusha mawe, wala askari hawakufyatua risasi. Tena nchi inayomtunza kwa bidii mtu asiyeweza kujilisha mwenyewe ina jambo la kutufundisha sisi, ambao mara nyingine huona haya kumtoa nje mtoto mwenye ulemavu. Anayetumwa asidhani kwamba yeye ndiye anayembeba Mungu na kumshusha uwanja wa ndege.

Wazee walisema: ukienda kwa wenye chongo, fumba jicho lako. Lakini walisema pia: mwacha asili ni mtumwa. Kijana wetu atafuata lipi? Danieli na wenzake watatu walikuwa vijana walipopelekwa Babeli. Walikubali kujifunza lugha ya nchi, wakakubali elimu yake, wakaitwa hata kwa majina yake. Chakula cha mfalme walikikataa. Kwa hiyo kufumba jicho kuna kiasi. Kuna mambo ya mgeni kukubali kwa adabu, na kuna jambo ambalo akilikubali hatakuwa tena yeye aliyetumwa.

Sasa tuwasikilize wanaosema kwamba ni lazima kijana ahubiri, apewe ruhusa asipewe. Wanasema kweli katika hili, kwamba Bwana hakutuamuru kuificha taa. Lakini na tujiulize habari ya hapa kwetu. Katika Hospitali ya Mtakatifu Fransis, Kwamkono, mama Mwislamu anapomleta mtoto mwenye homa, je, tungependa aambiwe asikilize mahubiri kwanza ndipo apewe dawa? Hatungependa. Tungesema hiyo si huruma tena, ni biashara. Dawa ingekuwa chambo, na mtoto angekuwa samaki. Basi lililo baya Kwamkono haliwezi kuwa jema Leipzig. Mgonjwa aliye kitandani hana miguu ya kuondoka, na neno la Injili halistahili kutiwa katika sikio la mtu aliyefungwa. Hata Padre Alington, alipopanda kuja milimani miaka ya 1860 kabla ya misheni ya Magila kuanza, alikwenda kwanza Vuga kuomba ruhusa kwa watawala Wakilindi. Aliingia kwa mlango.

Tuwasikilize na wa upande wa pili, wanaosema kwamba matendo yatosha, kijana afanye kazi yake anyamaze. Nao wana kweli yao. Lakini kunyamaza kuko kwa namna mbili. Mtu aweza kunyamaza kwa heshima, akingoja mwenzake aulize. Aweza pia kunyamaza kwa haya, kwa sababu wenziwe kazini watamcheka kwamba ni mshamba wa Afrika anayeamini hadithi. Kwa nje kimya ni kilekile, bali moyoni ni vitu viwili mbalimbali. Mgeni anayemficha mwenyeji wake jina la baba yake hamheshimu. Anamdanganya.

Twamkumbuka yule msichana katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, aliyetekwa akapelekwa Shamu kumtumikia mke wa Naamani. Hata jina lake halikuandikwa. Alikuwa mdogo, mgeni, tena mtumwa. Hatusomi kwamba aliwahubiri watu wa nyumba ile. Lakini alipomwona bwana wake anaumwa ukoma, alitamani apone, na kwa kutamani huko akasema neno moja, kwamba kwao yuko nabii awezaye kumponya. Huruma ndiyo iliyofungua kinywa chake. Hakusema ili apate hesabu ya walioongoka, wala hakunyamaza ili asichekwe.

Hapo twaona jibu. Kijana ajipime kwa maswali mawili. La kwanza: je, ningemhudumia bibi huyu kwa upole uleule kama ningejua kwamba hatabatizwa kamwe? Akisema hapana, upendo wake una bei, na hapana budi autengeneze kabla ya kufungua kinywa. La pili: je, bibi huyu akiniuliza usiku mmoja kwa nini nimekuja kutoka mbali kumwosha miguu, nitamwambia sababu ya kweli? Akisema hapana, kimya chake kina hofu, na hapana budi atubu. Anayejibu ndiyo mara mbili hakumkana Bwana, hata kama mwaka ukaisha bila kuulizwa.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilikuwa pamoja na nchi yetu hii, alisimama London mwaka 1923 mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana, akawaambia kwamba hawawezi kumwabudu Yesu katika Ekaristi kama hawamhurumii katika maskini wa mitaa yao. Neno hilo lilitoka huku likaenda kule. Vijana wetu wanalipeleka tena, si kwa hotuba, bali kwa beseni na kitambaa.

Na sisi tunaowatuma? Wazazi wengine wanaogopa kwamba mtoto atarudi amepoa. Hofu hiyo ina haki yake, kwa maana mwaka mmoja bila wenzi wa kusali nao ni mrefu. Basi tusimwache peke yake. Tumwombee kwa jina kila Jumapili, tumwandikie, na kabla ya safari tuulize kama karibu naye kuna kanisa ambapo atapokea Ekaristi. Akirudi, tusimwulize ameleta simu ngapi, wala amewaongoza wangapi kwa Yesu. Tumwulize aliwapenda akina nani, na nani alimpenda. Kisha tukae, tumsikilize mpaka amalize.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huko Ulaya vijana wetu wamepewa jembe tangu siku ya kwanza. Mungu awatie nguvu walime vizuri, na mbegu aotesheye ni Yeye.