Saa ya Kuihasibu Nafsi

Manahodha wa mwambao wetu, ambao majahazi yao yalikuja na kaskazi kutoka Arabuni na kurejea kwa kusi, walijua kwamba kusi ikishitadi safari husita, nao, badala ya kushindana na kudura, walikipweleza chombo, wakakikwangua, wakakitia kalafati ya pamba na kukipaka mafuta ya papa, huku wakikagua kila ubao. Nasi, tuliozoea kuyahesabu mapumziko kuwa ni uvivu, yatupasa tutenge wasaa wa faragha tuihasibu nafsi: nani nimemdhulumu, lipi nimelikimbilia pasina haja, na nani nyumbani amekosa haki yake kwa shughuli zangu? Mwenye kuyajibu hayo kwa insafu, bila kujitafutia udhuru, atajua mwenyewe la kuacha na la kushika leo.