Chumvi Kidogo Tu

Kaka yangu mkubwa anaishi Minnesota, Marekani. Msimu wa baridi kazi yake ni kusafisha njia za miguu za majengo ya kupangisha: huamka saa kumi alfajiri, huondoa theluji kwa chepe, kisha hurusha chumvi kwa mkono kama mtu anayelisha kuku. Niliposoma kwamba chumvi hiyo huharibu maji, nilimpigia simu nikamwuliza kwa nini asiache. Akacheka. “Mdogo wangu, ghorofa ya chini anakaa bibi wa miaka themanini. Akivunjika nyonga, nimwambie nilihurumia samaki?”

Sikuwa na jibu siku hiyo.

Idara ya mazingira ya jimbo lake inasema kijiko kimoja cha chai cha chumvi kinatosha kuchafua galoni 5 za maji, yaani lita 19 hivi. Kloridi haiozi. Barafu ikiyeyuka inaingia mtaroni, mtoni, ziwani, na kuitoa huko ni gharama kubwa mno. Wala hakuna mtu mmoja aliyeliharibu ziwa; kila mmoja alimwaga kidogo tu. Kwetu Bukavu, plastiki zinazotupwa Ziwa Kivu huenda kuziba bwawa la umeme la Ruzizi, tukabaki gizani. Angalau hizo tunaziona, tunazivua. Chumvi haionekani, ndiyo maana ni rahisi kila mtu kujisamehe.

Basi itumike kitu kingine? Mchanga hauyeyushi barafu. Husaidia kiatu kushika, halafu hujaza mitaro. Kloridi ya kalsiamu hufanya kazi hata kwenye baridi kali inayoishinda chumvi ya kawaida, lakini nayo ni kloridi vilevile. Masalia ya bitiruti za sukari yakichanganywa na maji ya chumvi huyafanya yashike barabarani, ila yakifika mtoni bakteria huyala na kumaliza oksijeni. Mji wa Holland, Michigan, tangu 1988 hupitisha maji ya moto kwenye mabomba chini ya barabara zake za katikati. Vizuri sana, lakini kaka yangu ana chepe na ndoo.

Nadhani tunatafuta kitu cha kumwaga kisicho na hatia, na hakipo. Wajibu wa kweli ni kwa yule bibi, asianguke. Hilo lataka theluji iondolewe mapema kabla haijakanyagwa ikawa barafu, chumvi kidogo penye ngazi, na vijana wakubali kutembea polepole. Anayedai njia nzima iwe kavu kufikia saa moja asubuhi hamtetei bibi. Anatetea haraka yake, na wanaolipa ni wanywaji wa maji hayo miaka ijayo. Tena si haki kumwachia mwenye ndoo uamuzi huo peke yake, maana mtu akiteleza, lawama zote ni zake.

Jumapili kaka aliniambia ameanza kupima chumvi kwa kikombe. Msimamizi wake alipita, akatazama, akasema njia inaonekana kama haijamalizwa.