Nani Amsemee Tamari?

JUMANNE

Soma 2 Samweli 13:10–22. Katika kisa hiki, ni nani aliyesema, na ni nani aliyenyamaza?

Wengi hudhani kwamba mwanamke aliyedhulumiwa hana sauti, na kwamba kazi ya mtetezi ni kumpa. Lakini Tamari alisema. Alimsihi Amnoni kabla ya tendo, akamlaumu baada yake (fungu la 12, 13, 16). Alipofukuzwa hakujificha; alijitia majivu kichwani, akairarua kanzu yake, akaenda zake akilia kwa sauti. Waliopungukiwa ni wasikiaji. Absalomu, ndugu yake mwenyewe, alimwambia anyamaze. Mfalme Daudi alikasirika sana, ila Maandiko hayataji hatua yoyote aliyochukua. Miaka miwili baadaye, ukimya huo ulizaa mauaji (fungu la 23–29).

Basi Mithali 31:8, 9 inapotuagiza tuwasemee wasioweza kujitetea, mtetezi hana budi kuanza kwa kusikiliza. Huko Kampala, Uganda, shirika la Raising Voices liliandaa mafunzo yanayoitwa SASA! Wanaofunzwa ni watu wa kawaida wa mtaani, wanawake kwa wanaume. Kwanza hujichunguza jinsi wanavyotumia nguvu na mamlaka katika nyumba zao. Kisha huzungumza na majirani, kwa picha, maigizo na maswali, kwa muda mrefu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba mahali yalipofanyika mafunzo hayo, kiwango cha wanawake kupigwa na wenzi wao kilikuwa chini kwa asilimia 52 kuliko mahali ambapo hayakuwa yamefika.

Hata hivyo, liko swali gumu. Dada anamweleza shemasi kwamba mumewe humpiga, naye anaomba iwe siri. Je, shemasi akinyamaza, hatakuwa kama Absalomu? Na akisema, hatakuwa amemsaliti?

Hapa yafaa kutofautisha kisa na uovu. Kisa ni cha aliyetendewa. Bila ridhaa yake hakipelekwi kwenye baraza la kanisa, wala hakigeuzwi kuwa ombi la hadhara. Shemasi anaweza kumsikiliza bila kumhukumu, kumweleza mahali penye msaada, na kumsindikiza atakapokuwa tayari. Lakini uovu wenyewe si siri ya mtu yeyote. Unapaswa kukemewa mimbarani na darasani pasipo kumtaja mtu. Kumwambia avumilie ili jina la kanisa lisichafuke ni kumnyamazisha Tamari mara ya pili. Wala Mathayo 18:15 isitumiwe kumrudisha peke yake mbele ya mtu anayempiga.

Kwa mtoto, ahadi ya siri isitolewe kabisa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii mwenye habari za mtoto anayevunjiwa haki zake azifikishe kwa serikali ya mtaa.

Kanisa limetenga Sabato ya nne ya Agosti kwa ajili ya kampeni ya enditnow, iliyoanza mwaka 2009. Lakini Tamari hachagui Sabato ya kulia.

Tafakari: Kama Tamari angepita leo mbele ya kanisa lenu akilia, ni nani angemsikiliza? Na mtu huyo amefunzwa nini cha kufanya baada ya kusikia?