Daftari la Mzee wa Masjala

Kuna sentensi niliyoisema karibu kila siku kwa miezi mitatu, na leo naona aibu kuikumbuka: "Mfumo haukosei, anayekosea ni mtumiaji."

Nilikuwa nimepata mkataba mfupi wa kuwafundisha watumishi wa hospitali moja ya wilaya mfumo mpya wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa kwenye karatasi: kadi, majalada, na rafu za masjala zilizopanda mpaka darini. Mkataba ulisema niwasaidie watumishi "kuupokea mfumo". Nililipenda hilo neno. Mtu hupokea mgeni, hupokea zawadi. Sikujiuliza kama huyo mgeni alipiga hodi.

Manesi vijana waliupokea upesi. Aliyenipa taabu ni mzee wa masjala, aliyekuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Si kwamba hakujifunza. Alijifunza vizuri tu, ila kila akishamwingiza mgonjwa kwenye kompyuta, anavuta kaunta buku lake na kuandika tena kwa kalamu. Foleni inatoka hadi nje, yeye anaandika.

"Shikamoo mzee. Hilo daftari si tulishakubaliana tuachane nalo?"

"Marahaba mwanangu. Mlikubaliana nyinyi. Mimi nilinyamaza."

Nilicheka. Kwenye ripoti ya mwezi nikaandika kwamba watumishi wote wameukubali mfumo. Sasa hivi najua nilichokipima hakikuwa kukubali. Kuna kukubali, kuna kutii, na kuna kunyamaza kwa sababu mtu ana watoto wanaosoma. Kwa nje vitu hivi vitatu vinafanana kabisa, na sisi tunaolipwa kuleta mabadiliko tunafaidika vikifanana.

Tatizo likaja hivi. Kule mtoto hupewa jina la babu au bibi, kwa hiyo jina moja linajirudia ukoo mzima. Tena wazee wengi hawajui tarehe waliyozaliwa. Wanajua mwaka, basi. Mfumo nao haukubali kwenda mbele bila tarehe, kwa hiyo sote tulikuwa tunajaza 1 Januari. Siku moja wakaja bibi wawili, majina yote matatu sawa, mwaka uleule, 1 Januari. Mfumo ukawafanya mtu mmoja. Majibu ya maabara ya huyu yakaingia kwa yule. Kilichotuokoa ni bibi mwenyewe, aliyegoma kupokea dawa: "Ya kisukari? Mimi leo sijatolewa hata tone la damu!"

Uchunguzi haukumaliza saa nzima. Mzee ndiye aliyewaandikisha, basi mzee ndiye aliyekosea. Nikaombwa maelezo ya kitaalamu. Nikaandika: kosa la mtumiaji.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaliona daftari lake. Kando ya kila jina alikuwa anaandika jina la mama wa mgonjwa na kitongoji anachotoka. Kwenye daftari lile bibi wale walikuwa watu wawili, bila utata wowote. Mfumo ndio uliokosa mahali pa kuandika hayo. Nilijua, na nikatia sahihi. Mzee akapewa barua ya onyo, daftari likachukuliwa, na mkataba wangu ukaongezwa.

Miaka ikapita. Mwanzoni mwa 2024 nikawa nasoma habari za kashfa ya Posta ya Uingereza. Kuanzia 1999 posta ile ilileta mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon. Ukawa unaonyesha upungufu wa fedha ambazo hazikuibwa na mtu. Wasimamizi wa vituo vidogo vya posta wakilalamika wanaambiwa mfumo uko sawa, na wengi waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani, wengine wakaenda jela. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilithibitisha kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na mwaka 2024 ilibidi Bunge litunge sheria ya kufuta hukumu hizo kwa pamoja.

Nilikuwa nasoma huku nikiiona sahihi yangu. Tofauti kati yangu na wale wa Uingereza ni ukubwa tu.

Wapenzi wa vitabu mtakumbuka kisa cha Plato katika Phaedrus: Theuth anampelekea mfalme Thamus uvumbuzi wa maandishi, akiusifu. Mfalme anamjibu kwamba kuvumbua kitu ni kazi moja, na kupima faida na madhara yake ni kazi nyingine. Huwa tunakisoma kama kisa cha kumbukumbu na maandishi. Mimi siku hizi nakisoma kama kisa cha masjala. Aliyeleta kitu si lazima ndiye ajue kitamfanya nini anayekitumia.

Msinielewe vibaya, siitetei karatasi. Zile rafu zilikuwa na panya, na majalada yalipotea kila masika. Daftari la mzee lingeondoka naye siku ya kustaafu, na ujuzi wote ungekwenda nalo. Kompyuta ilihitajika. Lakini ukimwomba mtu aamini kifaa, unachukua dhamana: siku kifaa na mtu watakapopingana, utamsikiliza mtu kabla hujamhukumu. Usipokuwa tayari kwa hilo, usiseme unamsaidia kupokea. Unamfundisha kusalimu amri. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Sisi tulikuwa na mzee, tukamnyang'anya daftari.

Nilimfuata nyumbani kwake, kashastaafu. Nikamweleza yote, pamoja na ile sahihi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza:

"Pa kuandika jina la mama mmepaweka?"

"Pamewekwa, mzee. Na kitongoji pia."

"Vizuri. Na barua yangu?"

Barua bado iko kwenye jalada lake, jalada la karatasi, kwenye masjala ileile. Nimeshaandikia hospitali mara mbili nikikiri kwamba maelezo yangu yalikuwa ya uongo na kuomba iondolewe. Sijajibiwa. Mwezi huu naandika mara ya tatu.