Mwenye Simu na Mwenye Ufunguo

Aliyenunua nyumba akakatazwa kubadili kitasa, je, ni mwenye nyumba au mpangaji? Swali hili limo ndani ya simu za Android. Kiini chake ni Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na leseni yake humruhusu yeyote kuisoma na kuibadili. Lakini ruhusa si ufunguo: mtengenezaji aweza kuifunga simu isiwake kwa kiini kingine. Wanaolitetea kufuli hilo husema lamkinga mwenye simu na wezi. Ni kweli, tena anayebadili kiini pasi na ujuzi huweza kuiua simu yake. Hata hivyo, ulinzi usiomwachia mlindwa hiari ni kifungo. Haki ni kufuli liwepo, na ufunguo akabidhiwe mnunuzi, pamoja na hasara yake.