Nani Hulipia Zawadi?

Tuseme umevumbua kitu. Umekesha, umekula pesa ya kodi ukinunua kemikali, na asubuhi moja dawa imekubali. Sasa una njia mbili. Uchukue hataza, ile haki ya kisheria inayomzuia mwingine kutumia uvumbuzi wako bila ruhusa kwa miaka kadhaa, ama uandike kila kitu hadharani watu wajipakulie. Wengi wetu hujibu haraka: anayefunga ni mchoyo, anayegawa ni muungwana. Mimi pia nilijibu hivyo, mpaka nikakutana na habari za Waingereza wawili wa zama za mwanzo za kamera.

Wa kwanza, William Henry Fox Talbot, alizaliwa kwenye ukoo wa mashamba makubwa. Alipata mbinu ya kunasa picha kwenye karatasi yenye chumvi za fedha: kwanza negativu, kisha nakala nyingi utakavyo. Mwaka 1841 akaichukulia hataza. Mpiga picha aliyetaka kuitumia kibiashara ilibidi anunue leseni.

Wa pili, Frederick Scott Archer, alikuwa mwana wa muuza nyama na mchongaji wa sanamu. Yeye alitumia kolodioni, ute unaonata unaotokana na pamba ya baruti iliyoyeyushwa kwenye etha. Aliupaka kwenye kioo, akakizamisha kwenye dawa ya fedha, akapiga na kusafisha picha kioo kikiwa bado kibichi. Ilikuwa kazi ya mbio, lakini picha ilitoka safi kuliko ile ya karatasi. Machi 1851 alichapisha maelezo yake kwenye jarida la kemia. Hataza hakuomba.

Talbot akadai kwamba hata kolodioni imo ndani ya hataza yake. Desemba 1854 kesi yake dhidi ya Martin Laroche, mpiga picha wa London aliyetumia kolodioni, ikasikizwa. Jopo la mahakama likasema mambo mawili: ndiyo, Talbot ni mvumbuzi wa mbinu yake, hapana, Laroche hakuvunja haki yake. Mlango ukawa wazi. Studio zikaongezeka, na kolodioni ikatawala upigaji picha hadi karibu 1880.

Hapo ndipo tungepiga makofi na kwenda zetu. Lakini Archer alifariki mwaka 1857, maskini, kabla ya kufikisha miaka 45. Mkewe alimfuata mwaka uliofuata. Watoto watatu wakabaki mayatima. Wapiga picha wakachanga, na serikali ikawapa watoto pensheni ya pauni 50 kwa mwaka, kwa sababu baba yao alikuwa hajafaidika na uvumbuzi wake.

Sasa angalia vizuri. Aliyekuwa na uwezo wa kugawa alifunga, na aliyehitaji kufunga akagawa. Simlaumu Talbot kabisa: alitumia pesa na miaka yake, na hataza yenyewe humlazimu mvumbuzi kuianika siri yake. Wala sisemi Archer alikosea. Ninachokataa ni kuisifu zawadi yake kana kwamba haikuwa na gharama. Ilikuwa nayo, na sehemu ya gharama hiyo ilitoka kwenye sahani ya wanawe, ambao hakuna aliyewauliza.

Kwa hivyo swali si la mvumbuzi peke yake. Ni la wale wenye studio, walioingiza pesa kwa dawa ya bure. Sheria haikuwadai chochote. Lakini pia hakuna sheria iliyowazuia kumpelekea Archer shilingi kidogo akiwa hai.

Sisi tunaijua sana michango ya matanga. Simu inalia, unaongezwa kwenye kundi, unatuma. Ni vizuri. Lakini kama leo kazi yako inasimama juu ya kitu ambacho mtu alikupa bure, na unalijua jina lake, mtumie kitu akiwa bado anaweza kukipokea mwenyewe.