FUNDISHO: YAKOBO ALIRUDISHA



Fundisho la leo linatoka katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 25 mpaka ya 37. Someni kwanza nyumbani, baba, mama na watoto, kisha mrudi kwenye karatasi hii.

Tunapenda kuimba kwamba Mungu wetu ni Mungu wa Abrahamu, wa Isaka na wa Yakobo. Ni kweli. Lakini hatupendi kuuliza nyumba za wazee hao zilikuwa namna gani. Biblia haikuficha. Abrahamu alimtoa Hagari na mtoto Ishmaeli, wakaenda jangwani na mkate na kiriba cha maji. Isaka alimpenda Esau kwa sababu ya nyama ya mawindo, na Rebeka alimpenda Yakobo. Yakobo naye, aliyeonja uchungu wa kutopendwa sawa na mwenzake, akamfanyizia Yosefu kanzu nzuri, yeye peke yake, mbele ya ndugu kumi waliomtangulia kuzaliwa. Kosa la babu likashuka kwa baba, la baba likashuka kwa mtoto.

Angalieni habari ya mbuzi. Katika sura ya 27 Rebeka alipika wana-mbuzi wawili, ngozi yao akaifunga mikononi na shingoni mwa Yakobo. Muzee Isaka, ambaye macho yake yalikuwa yameingia giza, akapapasa, akadanganyika. Miaka ikapita. Katika sura ya 37 wana wa Yakobo wakachinja mbuzi, wakachovya kanzu ya Yosefu katika damu, wakamletea baba yao. Yakobo alidanganya baba yake kwa mbuzi, na yeye pia akadanganywa na wanawe kwa mbuzi. Na katikati, Labani alimwingizia Lea usiku badala ya Rakeli. Wandugu, udanganyifu ni deni, na deni hili halizeeki.

Sasa nitasema habari yangu mwenyewe. Wazee wa kanisa wameniruhusu. Msinicheke, mniombee.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa migodi. Ninyi mnajua kazi ya migodi ilivyokwenda katika inchi yetu. Mwaka 2003 na 2004 Gécamines ilipunguza wafanyakazi zaidi ya 10.000 kwa mpango wa kutoka kwa hiari. Katika nyumba nyingi za Katanga, makuta yaliisha upesi, na kitu kilichobaki kwa watoto kilikuwa parseli tu. Kwetu vilevile, ilibaki parseli moja.

Tulizaliwa wanne: yaya wangu, dada wawili, na mimi wa mwisho. Mama alinipenda mimi. Yaya alikwenda Kolwezi kuchimba madini kwa mikono, na kila alipopata kitu alituma unga nyumbani. Mwaka 2009 macho ya baba yalikuwa hayaoni tena. Siku moja nilimletea karatasi, nikamwambia, "Baba, ni karatasi ya maji, tia kidole hapa." Akatia. Haikuwa karatasi ya maji. Ilikuwa karatasi ya parseli, na jina lililoandikwa lilikuwa langu peke yangu. Mama alijua, akanyamaza.

Mwaka uliofuata baba alikufa. Yaya akaja kwenye kilio. Alipouliza habari ya parseli, nikamwonyesha karatasi na kidole cha baba. Aliitazama muda mrefu, akairudisha mkononi mwangu, akaondoka kabla ya kilio kuvunjika. Hakurudi tena. Hata mama alipokufa hakuja, maana sisi hatukujua tumwite wapi, wala hatukumtafuta sana. Rebeka alimwambia Yakobo akimbie kwa siku chache. Siku zile chache zikawa miaka 20, na Biblia haisemi kwamba alimwona mwanawe tena. Mama yangu alimpenda mtoto mmoja, akampoteza mwingine.

Mimi niliendelea kusali. Nikavaa kanzu nyeupe, nikawekwa shemasi. Lakini biashara yangu ya makala haikusimama. Gari likipata mzigo, linaharibika njiani. Watoto wakaugua. Nikafunga kula, nikaenda kwa mama mmoja mzee mwenye karama ya unabii, ili anionyeshe mtu anayeniloga. Nisiwafiche: moyoni nilikuwa nimekwisha kutayarisha jina. Ni jina la shangazi yetu mzee, mjane, asiye na mtu wa kumtetea. Kama mama nabii angelitaja, ningelikubali mara moja.

Hakulitaja. Aliomba kimya, kisha akaniuliza neno moja tu: "Mwana wangu, yaya yako yuko wapi?"

Nilisikia haya. Nilitoka pale bila kuaga vizuri. Usiku ule nikasoma sura ya 32 na ya 33, na nikaona kitu ambacho sikukiona siku zote.

Sisi tunapenda kuhubiri Yakobo akipigana mweleka usiku mpaka kupambazuka na kubarikiwa. Lakini usiku ule ulikuwa katika njia ya kurudi kwa Esau. Kabla yake Yakobo alikuwa amekwisha kutenga mali: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wenye kunyonyesha pamoja na wana wao, ng'ombe 50, punda 30. Kulipopambazuka hakusema, "Nimebarikiwa, basi nirudi nyuma." Alikwenda akichechemea, akainama mbele ya Esau mara saba. Na katika mstari wa 11 anamwomba ndugu yake apokee zawadi ile, naye anaiita baraka. Alichoiba kwa ngozi ya mbuzi, anakirudisha kwa makundi ya mbuzi. Maombi ya usiku hayakuchukua nafasi ya safari ya mchana.

Basi mwaka 2021 mimi na mke wangu tulishika njia ya Likasi mpaka Kolwezi, na karatasi ya parseli ndani ya mfuko. Tulimtafuta yaya siku mbili. Hakunikimbilia kama Esau. Alisimama mlangoni. Nilipiga magoti, nikasema yote. Alinyamaza, kisha akauliza: "Baba alijua?"

Nikajibu, "Hapana, yaya. Baba hakujua. Nilimdanganya."

Mtu mzima yule akakaa chini, akalia. Miaka 11 aliamini kwamba baba alimkataa. Mimi nilifikiri nimeiba parseli. Kumbe nilikuwa nimemwibia baba yake. Parseli nilimrudishia kwa karatasi, lakini baba nilimrudishia kwa neno lile moja. Jioni tulikula bukari katika sahani moja.

Leo parseli imeandikwa kwa majina yetu wanne, dada zetu pia. Hata sheria ya inchi inasema hivyo: Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 inaweka watoto wa marehemu mbele, wavulana na wasichana sawasawa, hata waliozaliwa inje ya ndoa kama baba aliwatambua. Sehemu tatu kwa nne za mali ni zao. Tusiwe kanisa linaloombea wajane na yatima siku ya ibada, na kesho yake tunawatoa katika nyumba.

Msiniulize kama makala inauzika sasa. Gari bado linaharibika. Lakini yaya anapiga simu, na watoto wangu wanajua jina la baba yao mkubwa.

Wazazi, kama mna mtoto mmoja mnayempenda zaidi, mnapanda ugomvi utakaovunwa kwenye kilio chenu. Ninyi mnaotafuta unabii, msije na jina la mchawi tayari mfukoni. Labda Roho anataka kuwauliza ninyi. Na wewe mwenye karatasi isiyo ya haki, rudisha wakati ndugu yako angali hai.

Isaka na Ishmaeli walimzika Abrahamu pamoja. Esau na Yakobo walimzika Isaka pamoja. Mungu atujalie tusimame hivyo, sote, kwenye makaburi ya baba zetu.

Amina.

Ni mimi ndugu yenu, shemasi, Lubumbashi.